Kisanduku cha mwanga: picha ya karatasi ikigoma, anzia nyuma

Kazi ya karatasi zilizokatwa, zikapangwa matabaka na kumulikwa kwa nyuma ina tabia moja inayowachosha wanaoianza: kosa huonekana mbele ilhali limekaa nyuma. Kilima kimetoka cheusi kama masizi, mkataji anakimbilia wembe kukirekebisha, kumbe ugonjwa uko matabaka matatu nyuma yake. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, zima taa ya chumba, washa kisanduku, toa kioo, kisha ondoa karatasi mojamoja kuanzia ya mbele. Dosari ikiondoka pamoja na karatasi fulani, mkosaji umempata. Ikibaki hadi karatasi zote zimekwisha, angalia taa na kitawanyaji, yaani ile karatasi ya tresi au akriliki nyeupe inayokaa kati ya taa na picha.

Upimaji huu hauwezekani kama kila kitu kimeshagundishwa. Bana matabaka kwa vibanio vya nguo, yawashe, yakague usiku, ndipo ufungue gundi.

Vipimo vya hapa chini ni vya kisanduku cha A4, sentimita 21 kwa 29.7, chenye matabaka 7. Tabaka la 1 ni lile la mbele, la 7 liko karibu na taa. Kila karatasi ina mpaka wa sentimita 1 kuzunguka pande zote. Kati ya karatasi na karatasi kuna kitenganishi, yaani ukanda wa kadibodi, cha milimita 4, hivyo mianya 6 inakula milimita 24. Nyuma ya kitawanyaji kuna chumba cha taa cha milimita 25. Ongeza kioo milimita 2, akriliki 2, ubao wa mgongoni 3, na unene wa karatasi zenyewe usiofika 2: jumla inakaribia 58. Mwambie fundi fremu akupe kina cha ndani cha sentimita 6 kamili. Fremu ya kawaida ya picha ya harusi haina kina hicho, na kuilazimisha ndiko kunakozaa nusu ya matatizo yanayofuata. Taa ni mkanda wa LED wa volti 12, taa 60 kwa mita, wati 4.8 kwa mita. Mzingo wa A4 ni kama sentimita 101, kwa hiyo mita moja inatosha kuzunguka kuta zote nne za chumba cha taa.

Mfano wa picha ni ule ambao kila mtu Mwanza anautaka: Jiwe la Bismarck jioni, ziwa, mtumbwi, vilima vya mbali na jua linalozama.

Majabali ya mbele ni meusi tii, hayana ngazi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi hununua taa kubwa zaidi na kupoteza hela.

Chukua karatasi inayopitisha nusu ya mwanga unaoipiga. Mbili zikipishana hupitisha robo, tatu sehemu moja ya nane, tano moja ya 32, saba moja ya 128. Karatasi nzito zaidi inayopitisha theluthi tu, ukipanga tatu unabaki na moja ya 27, tano moja ya 243. Jicho linalotazama jua linalowaka pembeni haliwezi kuona tofauti kati ya moja ya 243 na giza. Ukiongeza taa mara mbili, jua nalo linang'aa mara mbili. Uwiano haujasogea hata kidogo. Jabali litabaki jeusi, na sasa jua linaumiza macho.

Pima kabla ya kukata. Kata vipande saba vya upana wa sentimita 3 kutoka karatasi unayokusudia kutumia, urefu sentimita 14, 12, 10, 8, 6, 4 na 2. Vipange ukingo mmoja ukiwa sawa, ili upande wa pili ufanye ngazi. Vishike mbele ya kitawanyaji kilichowashwa, chumba kikiwa giza, uhesabu ngazi unazozitofautisha bila kujilazimisha. Ukihesabu nne, picha yako ni ya matabaka manne kwa karatasi hiyo. Matatu ya ziada ni jasho la bure. Ukitaka saba zote, shuka uzito.

Uzito unaandikwa kwenye pakiti kwa gramu za mita moja ya mraba. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inapitisha mwanga vizuri lakini inalegea kama kitambaa. Inafaa anga tu, ikiwa imelazwa juu ya akriliki. Gramu 120 hadi 160 ndizo za matabaka ya kati. Gramu 180 hadi 200 ni za tabaka la 1, ambalo linabeba umbo zima na halihitaji kupitisha mwanga. Manila za rangi wanazonunuliwa wanafunzi ziache: ya bluu au kijani inakula mwanga kuliko uzito wake unavyoonyesha, na mbili zikipishana hutoa rangi ya tope. Tumia nyeupe, rangi itoke kwenye taa. Hari na Deepti, wasanii wawili kutoka India waliofanya visanduku hivi vijulikane dunia nzima, wamejenga jina lao kwa karatasi na taa, bila kumwaga rangi juu ya kila tabaka.

Kama karatasi ni nzuri na bado jabali ni jeusi, tazama nyuma yake. Jabali la tabaka la 2 lina matumbo ya tabaka la 3, 4, 5 na 6 yaliyojificha nyuma yake, maana kila kilima kinaendelea kushuka hadi chini ya karatasi hata pale kisipoonekana. Toboa matumbo hayo madirisha. Acha sentimita 1 ya karatasi chini ya mstari unaoonekana mbele, kisha ondoa sehemu iliyobaki kwenye tabaka mojawapo au mawili, si yote. Kuna mtego: ukingo wa dirisha utaonekana kama kivuli ndani ya jabali. Ukilikata kwa mstari ulionyooka, mtazamaji ataona mstari ulionyooka ndani ya jiwe. Likate kwa mkunjo unaofanana na ufa au bega la jiwe, na kivuli kitakuwa sehemu ya mchoro.

Kinyume chake pia hutokea: mtumbwi unatakiwa uwe mweusi lakini unaonyesha mwanga. Gundisha nyuma yake kipande cha manila nyeusi cha umbo lilelile, kikiwa kidogo kwa milimita 1 kila upande ili kisichungulie.

Picha imepauka kama uji wa maziwa

Weusi upo, mwanga upo, lakini hakuna kina. Yote yanaonekana kama karatasi moja iliyochorwa.

Kagua kuta za ndani kwanza. Chumba cha taa kinatakiwa kiwe cheupe kote, kuta na mgongo, ili mwanga urudirudi. Eneo la matabaka, mbele ya kitawanyaji, linatakiwa liwe na kuta nyeusi. Wengi hupaka fremu nzima nyeupe kwa kudhani mwanga mwingi ni heri. Mwanga unapiga ukuta, unarudi kwenye nyuso za mbele za karatasi, na kivuli chote kinakufa. Karatasi nyeusi iliyobandikwa ukutani inamaliza tatizo kwa dakika kumi.

Kisha pima vitenganishi. Milimita 2 hazitoshi kwa kisanduku cha A4: karatasi ya mbele inaikalia ya nyuma na kivuli kinakosa nafasi ya kulainika. Milimita 4 ni nzuri, 5 ni bora kama fremu inaruhusu. Si lazima mianya yote ilingane. Kuweka milimita 8 mbele ya anga na 3 kati ya majabali ya karibu huipa picha umbali wa ziwa halisi. Ujanja wa nafasi ni wa zamani: Martin Engelbrecht, mchapaji wa Augsburg nchini Ujerumani katika karne ya 18, aliuza seti za picha zilizokatwa ambazo mnunuzi alizipanga moja nyuma ya nyingine ndani ya sanduku na kuzichungulia kwa mbele.

Mwisho, geuza kisanduku kisitazamane na dirisha. Kioo kinachoakisi dirisha hakina dawa nyingine.

Nukta za taa zinaonekana, au kingo zinawaka na katikati pamelala

Haya ni matatizo mawili, na dawa ya moja huleta jingine.

Nukta hutokea taa zikibandikwa kwenye ubao wa mgongoni zikitazama mbele. Mkanda wa taa 60 kwa mita una milimita 17 hivi kutoka taa hadi taa. Umbali wa taa hadi kitawanyaji usipungue hizo 17, na nukta zinakufa kabisa ukifika 25 hadi 30. Ila kumbuka pia umbali kati ya mstari na mstari: ukipanga mistari kila sentimita 5 ndani ya chumba cha milimita 25, nukta hazitakuwepo lakini utaona michirizi kama bati la paa. Kwa chumba cha milimita 25, mistari iachane milimita 25 hadi 30, yaani mkanda mrefu zaidi na joto zaidi. Kwa A4 haina maana. Bandika kuzunguka kuta, taa zikitazamana.

Taa za ukutani ndizo zinazoleta kingo zinazowaka. Kwa upana wa sentimita 21 tofauti ni ndogo, na tabaka la 1 linafunika kingo zenyewe. Kama bado inasumbua, weka kitawanyaji cha pili: karatasi ya tresi iliyolazwa juu ya akriliki. Au ubandike mgongoni, katikati, kipande cha karatasi nyeupe kilichokunjwa kama paa la nyumba, urefu wa kisanduku, mgongo wa paa ukiinuka milimita 10. Kinapokea mwanga wa kuta mbili na kuurusha mbele. Kwa visanduku vinavyozidi sentimita 40 upana, kuta peke yake hazitoshi.

Foili ya jikoni usiiweke kwenye mgongo. Inang'aa, lakini inaakisi kila taa kama kioo na kukurudishia nukta ulizozikimbia. Rangi nyeupe isiyong'aa inashinda.

Kingo zenye kivuli cha mistari miwili au mitatu zina chanzo hichohicho: taa nyingi ndogo, kila moja inachora kivuli chake kwa sababu kitawanyaji ni chembamba.

Madoa na mistari ambayo mchana haikuwepo

Penseli ndiyo ya kwanza. Mstari wa penseli nyuma ya karatasi hauonekani mchana; ukiwasha, unajitokeza kama mshipa. Kuuficha upande wa nyuma hakusaidii kitu. Chora kwenye karatasi nyingine, ibane juu ya ile nzuri kwa selotepu pembeni, ukate zote mbili kwa pamoja, kisha utupe ya juu.

Gundi ni ya pili. Tone la gundi nyeupe likienea ndani ya eneo linaloonekana, mahali hapo patapitisha mwanga tofauti na jirani yake, na halifutiki. Gundi na selotepu zisitoke nje ya ule mpaka wa sentimita 1. Selotepu ya pande mbili ikipishana kwenye kona nayo hufanya mraba mweusi. Kata ncha zikutane bila kupandana.

Ukiona mawingumawingu karatasi nzima, hiyo ni karatasi yenyewe. Nyuzi zake hazikusambaa sawasawa kiwandani. Karatasi ya bei ya chini inaonyesha hivyo, na njia ya kuigundua ni moja: ukiwa dukani, toa shiti moja, iinue kuelekea mlangoni penye jua. Muuzaji atakutazama. Mwache atazame. Kwa anga na maji chagua iliyotulia. Kwa majabali, mawingu hayo yanaweza hata kukufaa.

Mchubuko uliozibwa kwa kiraka nao utaonekana. Daraja la karatasi, yaani ukanda mwembamba unaounganisha sehemu mbili za picha, likikatika, kuunganisha kwa kipande nyuma kunaacha doa jeusi. Ama ufunike kwa kitu kinachostahili kuwepo (ndege, tawi, mlingoti), ama ukate upya.

Karatasi inatumbuka, inalegea, inajikunja

Ufukweni hapa karatasi ni kama kiumbe. Inanywa unyevu wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, kisha inautema kiangazi. Na haivimbi sawa pande zote: inapanuka zaidi kukatiza nyuzi kuliko kufuata nyuzi.

Tafuta mwelekeo wa nyuzi hivi. Kata mraba wa sentimita 5 kutoka pembeni mwa shiti, weka alama ya juu na chini, lowesha upande mmoja kwa kidole chenye maji. Utajikunja kama mrija. Urefu wa mrija ndio mwelekeo wa nyuzi. Kwa kisanduku kinachoning'inia ukutani, nyuzi zisimame wima katika matabaka yote, zisichanganywe. Karatasi ni ngumu zaidi kwa upande huo na haitainama kwa uzito wake.

Sasa soma umbo la tatizo. Tumbo katikati, kingo zikiwa zimeshikwa: karatasi iligundishwa pande zote nne siku kavu, mvua ikaja, ikakosa pa kupanukia. Bandua pande tatu. Gundisha mpaka wa juu tu, pande nyingine zibanwe na vitenganishi bila gundi, na karatasi iwe fupi kuliko fremu kwa milimita 1 kila upande. Mawimbi pembeni, katikati pako sawa: kingo zimenyonya unyevu kupitia mwanya wa mgongoni, funga mwanya. Mikunjo midogomidogo pale penye gundi tu: ulitumia gundi ya maji. Badilisha kwa selotepu ya pande mbili.

Kinga ya bei rahisi ni subira. Karatasi iliyotoka kwenye pakiti la nailoni ikae wazi siku mbili katika chumba utakachokatia, imelazwa, si kusimamishwa. Zilizokwisha kukatwa zilaze kati ya vipande viwili vya kadibodi safi, na vitabu vizito juu. Usifunge kisanduku jioni ya mvua. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vibandike kwenye kona ya chumba cha taa, viwili vinatosha A4, lakini vikiwa vipya. Vilivyokaa droo mwaka mzima vimeshashiba.

Matawi membamba yanayoinama ni suala jingine. Daraja la karatasi lisipungue milimita 2 kwa gramu 160, na tawi refu kuliko sentimita 5 lishikwe ncha zote mbili, hata kama asilia lingening'inia.

Mikato ina manyoya, kona zimechanika

Wembe umechoka. Hakuna siri zaidi ya hiyo katika kesi nyingi. Kisu cha upasuaji chenye wembe namba 11, kutoka maduka ya vifaa vya hospitali, kinashinda visu vikubwa vya steshenari kwa kona ndogo. Ukianza kusikia karatasi ikikwaruza badala ya kuteleza, badilisha ncha. Kukatia juu ya kioo au vigae kunaua wembe ndani ya dakika chache. Kipande cha kapeti la plastiki kilichogeuzwa kinafaa kama huna mkeka wa kukatia. Karatasi yenye unyevu nayo inachanika hata kwa wembe mpya.

Anza na matundu madogo ya ndani, umalizie na umbo kubwa la nje, ili karatasi iwe na nguvu ya kukuhimili muda mrefu. Kwenye mkunjo zungusha karatasi, mkono ubaki palepale. Kona zisivutwe kwa vidole: kata kutoka pande mbili zikutane, na kama bado imeshika, ingiza ncha ya wembe tena.

Mwanga unavuja pembeni

Kadibodi ya boksi ina mirija ndani, na mirija ikielekea nje inapitisha mwanga kama mirija ya soda. Kata vitenganishi mirija ikifuata urefu wa ukingo, na kona moja ipandane na nyingine kama matofali. Mshono wa mgongo na fremu uzibwe kwa selotepu nyeusi ya umeme.

Mtazamaji akisimama kando akaona kitenganishi cheupe kinachowaka, kimesogea mno ndani. Kanuni yake ni nyepesi: kirudi nyuma ya ukingo wa mpaka kwa kadiri ya unene wake. Mpaka wa milimita 10 na kitenganishi cha unene wa 4 maana yake upana wa kitenganishi usizidi 6. Hapo hata anayetazama kwa pembe ya digrii 45 hakioni.

Taa zinagoma

Haiwaki kabisa: soma maandishi ya mkanda na ya adapta. Mkanda wa volti 12 ukipewa volti 5 za chaja ya simu hauwaki, kwa kuwa taa zake zimeunganishwa tatutatu na zinahitaji zaidi ya hapo. Mkanda wa volti 5 ukipewa 12 unawaka vizuri sana, mara moja tu, kisha unaungua. Kama namba zinalingana, geuza chanya na hasi. Kwa LED kugeuza kimakosa huzima tu.

Taa tatu jirani zimezimika, nyingine zinawaka: moja katika tatu hizo imekufa na kuziangusha wenzake. Kata kipande hicho kwenye alama za mkasi, kila sentimita 5, uunganishe kipya kutoka rola lilelile. Rola jingine, hata la duka hilohilo, linaweza kuja na weupe ulioelekea bluu au waridi, na utauona kwenye anga.

Inapepesa ukiigusa fremu: kona. Mkanda uliopindwa kwa nguvu digrii 90 unapasuka njia zake za shaba. Ukate kwenye alama na uunganishe kwa nyaya za sentimita 3 zilizochomelewa kwa risasi. Upande mmoja umefifia: kwa mita moja hilo halitakiwi kutokea, kwa hiyo ni muungio mbovu au waya mwembamba kupita kiasi. Kwenye mikanda ya mita 5 ni kawaida, na dawa ni kuingiza umeme kutoka ncha zote mbili.

Mkanda wa volti 5 unazimika wenyewe baada ya muda mfupi ukitumia pawa benki: pawa benki nyingi hujizima zikiona mzigo mdogo zikidhani simu imejaa. Tafuta yenye hali ya mzigo mdogo, au tumia adapta. Mita moja ya wati 4.8 inavuta ampea 0.4, kwa hiyo adapta ya volti 12 na ampea 1 haitachemka. Ikichemka, ni mbovu, itupe.

Mkanda unabanduka ukutani: vumbi lilikuwepo. Futa kwa spiriti, bandika, kisha shikilia kwa vibanio vidogo vya waya. Supa gluu usiitumie ndani ya kisanduku. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya kioo na akriliki.

Balbu ya kuchemka, mshumaa, au mkanda unaochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 230: hapana kwa vyote vitatu. Karatasi ni kuni.

Picha ya simu ikitoka na michirizi inayotembea, kisanduku ni kizima. Ni kipunguza mwanga kinachowasha na kuzima kwa kasi. Weka mwanga wote, upige picha.

Taa za dagaa hazionekani ukisogea

Mapambo ya kupendeza kuliko yote ya picha za ziwa ni safu ya taa za wavuvi wa dagaa usiku: matundu ya sindano kwenye tabaka la maji. Ukitoboa tundu kwenye tabaka la 4 na hakuna kilichofunguliwa nyuma yake, taa itakuwa hafifu. Ukitoboa matabaka yote kwa mpigo mmoja, inawaka kwa anayesimama mbele kabisa na kufa akisogea hatua moja, kwa kuwa matundu yamepishana kwa milimita 4 kila mwanya. Toboa tabaka la 4 peke yake kwa sindano, na nyuma ya kila tundu fungua dirisha la kipenyo cha milimita 15 kwenye tabaka la 5 na 20 kwenye la 6. Sindano iingie kutoka mbele ili nundu ibaki nyuma. Ukubwa utofautiane kidogo. Taa zinazofanana zinaonekana kama vifungo vya shati.

Vidoa vyeusi vinavyoongezeka kila wiki

Usiku wa mwezi mchanga wale vijidudu wa ziwani hupanda kama moshi na kufuata kila taa ya ufukweni. Kisanduku chako ni taa. Wanaingia kwenye tundu la waya na kufia ndani.

Tazama kidoa kwa karibu. Kama ni cheusi chenye kingo kali, mbawa unaziona, mdudu yuko mbele ya kitawanyaji, kati ya matabaka. Kama ni kivuli kilichovurugika, yuko ndani ya chumba cha taa. Wa chumba cha taa ni rahisi: fungua mgongo, geuza, gonga. Wa kwenye matabaka waondoe kwa brashi laini iliyokauka, ukivuta kuelekea ukingoni. Usiwafute kwa kidole wala kitambaa. Wanapondeka na kuacha mafuta ambayo karatasi inayanywa, na doa hilo litapitisha mwanga zaidi ya jirani zake daima.

Tundu la waya lizibwe kwa silikoni. Wati 4.8 hazihitaji matundu ya hewa. Kama umeyaweka, yafunike kwa soksi ya nailoni iliyovutwa, maana macho ya chandarua ni makubwa kwa wale wadogo zaidi. Na siku wanapopanda, funga madirisha kabla ya kufungua gundi. Mdudu aliyenasa kwenye selotepu ya tabaka la 3 hatoki tena.